Pilipili ya Watu Wawili

Jumapili, 3 Machi

Aibu tupu. Naandika nikiwa nimejifungia chumbani. Mke wangu anadhani nimelala.

Kila Jumapili ukoo mzima hukutana kwa mama mkwe. Mama mkwe haumwi, lakini si mzima pia. Tangu atoke hospitali mwaka jana, chakula hakina ladha kinywani mwake. Anasema ni kama kutafuna pamba. Amekonda hata magauni yake yanaonekana ya kuazima. Tumemwekea meza ndogo karibu na dirisha. Tunampakulia yeye kwanza, kisha tunasimama kumzunguka, kimya, tunamtazama koo. Akimeza, tunapumua. Asipomeza, mke wangu anakwenda kulia jikoni.

Daktari alisema tujaribu viungo vikali, labda ulimi utaamka. Nikasema niachieni mimi. Nikaenda na pakiti nzima ya pilipili manga, kubwa, yenye picha ya jogoo. Nikaimwaga kwenye kisahani mbele ya wote. Nikajisifu kidogo. Sawa, nikajisifu sana.

Mwanyumba wangu akakisogelea kisahani. (Ni mume wa dada yake mke wangu. Ukoo unamwita Bwana Kinu kwa sababu ya kinu chake cha mbao cha kusagia pilipili, kirefu kama mguu wa kiti, ambacho hukibeba kwenye mkoba kama daktari abebavyo sindano. Naye hufurahia kuitwa hivyo. Bwege!) Aliomba glasi ya maji tu. Akachota punje zangu, akazitia ndani. Chache zikazama. Zilizobaki zikaelea juu kama mabata.

Akaeleza kwa upole, na upole wake ni wembe, kwamba punje njema ya pilipili manga ni nzito, huzama. Hizi zinazoelea ni mbegu za papai zilizokaushwa.

Watoto wakacheka. Shemeji akacheka. Mke wangu akatazama sakafu. Mama mkwe hakucheka; alikuwa anaangalia mlangoni, kama mtu anayemngoja mwenzake aliyechelewa.

Bwana Kinu akatangaza kwamba Jumapili ijayo ataleta punje za kweli. "Mama, utaomba uongezwe," akamwambia. Mama mkwe akamjibu, "Ahsante, mwanangu."

Mwanangu! Mimi huniita "yule bwana".

Naapa. Jumapili ijayo mama mkwe atakula, na atakula kwa mkono wangu.


Jumatatu, 4 Machi

Mpango wa kwanza: kujua Bwana Kinu anapata wapi punje zake.

Mimi ni msoma mita za maji. Ukiwa na kofia ya idara na tochi kifuani, hakuna geti lisilokufungukia. Nikaenda nyumbani kwake saa ambazo yupo kazini. Nikamwambia shemeji kuna malalamiko ya bomba kuvuja upande wa jikoni. Akanipisha. Nikaingia moja kwa moja hadi kabati la viungo. Chupa zimepangwa kama askari, kila moja na karatasi yake. Nikafungua moja, nikaingiza pua. Nikavuta.

Kosa kubwa. Nilipiga chafya hata vikombe vikaimba.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. "Shemeji," akasema, "mita yetu iko nje, karibu na bomba la uani. Hiyo ya kabatini unasoma nini?"

Nikamjibu kwamba maji nayo yana harufu. Akasema ahaa.

Nilipofika nyumbani habari ilishanitangulia. Mke wangu alisema sentensi moja tu, kisha akaendelea kukunja nguo: "Pilipili usiyoila yakuwashia nini?"

Hajui kwamba hii nitaila.


Jumatano, 6 Machi

NIMEPATA! Naandika kwa herufi kubwa. Nitasema ni kwa furaha.

Jana soko zima nimelipiga mguu. Nimejifunza kuponda punje kwa kucha na kunusa. Wengi wanauza vumbi. Wengine wanauza maganda matupu, ukibonyeza yanavunjika kama mayai ya mjusi. Mmoja aliniuzia punje safi kabisa, nikafika nyumbani nikagundua hazina harufu hata ya gunia. Nilikula wali wa chuya, ingawa nilichagua.

Leo kazini. Mwisho wa mtaa wangu wa Jumatano kuna nyumba ya ukuta wa mawe na mlango wa bati wa kijani. Mwaka mzima nimekuwa naipita. Hujaza tarakimu ileile, kwa sababu mita yake haiendi. Naandika "haina mabadiliko" nikiwa nje, naondoka. Leo nilikuwa napita hivyohivyo, upepo umelala kabisa, nikasikia harufu. Kama limau. Kama mbao iliyopasuliwa sasa hivi. Kama joto lenyewe lingekuwa na harufu. Machozi yakanilengalenga nikiwa bado barabarani.

Nikagonga. Akafungua bibi mmoja mdogo, mgongo umepinda, macho makali. Nikamwamkia, akaitikia, nikasema nimekuja kukagua mita. "Leo umeamua kuingia," akasema, akanipisha.

Uani kuna mti mkavu, umekufa zamani, na juu yake umetambaa mpilipili manga. Sijawahi kuuona kwa macho. Majani mazito, yanang'aa, yanadondosha maji. Vishada vinaning'inia kama hereni. Udongo chini yake umelowa chapachapa.

Nikaitazama mita. Tarakimu ileile ya mwaka jana. Mshale umelala. Nikaipiga piga kioo. Kimya. Nikamwuliza bibi anamwagilia kwa maji gani. Akasema hamwagilii yeye.

Sikuuliza zaidi. Mimi si mtu wa kuchimba mambo ya watu.

Kwenye mkeka juani punje zilikuwa zimeanikwa, nyingine bado za kijani, nyingine zimeshakunjamana na kuwa nyeusi. Bibi alinieleza kwamba kishada huchumwa punje moja ya kwanza ikishaona haya, yaani ikiwa nyekundu, zilizobaki bado za kijani. Kisha jua lifanye kazi, na mtu azigeuzegeuze zisivunde. Alipokuwa anasema hivyo, mfuo mmoja ukapita katikati ya punje, polepole, kutoka mwisho wa mkeka hadi mwingine. Kama vidole vinne vinavyochana nywele.

Upepo, nikajiambia. Nimeshaandika hapo juu kwamba upepo ulikuwa umelala. Siwezi kufuta, naandika kwa wino.

Akanipa punje nitafune. Mungu wangu! Kwanza baridi. Halafu harufu ikapanda puani kama wimbo. Halafu moto, lakini moto wenye adabu, unaobisha hodi kabla ya kuingia. Nikasimama palepale nikameza mate. Nikakumbuka njaa. Njaa ya utotoni, ile ya kutoka kucheza.

Nikamweleza habari za mama mkwe. Akanisikiliza. Akasema hauzi pilipili, huwapa watu, ila kwa sharti.

"Hii hailiwi na mtu peke yake. Ukitaka kuila, ketisha mwenzio, mle pamoja. Ukila peke yako, atakuja wa kula nawe."

Nikauliza, nani?

Akatazama kiti kilichokuwa kando ya mkeka. Mbele yake kulikuwa na kikombe cha chai. Kinafuka moshi. Cha bibi alikuwa nacho mkononi.

Nikasema kwetu tuko wengi, tena tunapendana sana, hatujui hata kula mmojammoja. Akanifungia konzi mbili kwenye karatasi. Nilipokuwa natoka aliniambia nimlete mama mkwe pale, wapate kula pamoja, wote watatu. Nikaitika ndiyo ndiyo.

Nimlete? Ili sifa azichukue bibi? Thubutu!


Alhamisi, 7 Machi

Mke wangu mchana huwa kwa mama yake kumwogesha na kumpikia. Nikarudi nyumbani saa ya chakula. Lazima kiungo kijaribiwe. Huwezi kumlisha mama wa watu kitu ambacho hukijui.

Sharti la bibi nililifikiria. Nikaona ni maneno ya wazee ya kufundisha ukarimu. Mimi ni mkarimu tayari.

Nikakaanga mayai. Nikazikausha punje kidogo kwenye kikaango kitupu hadi zikaanza kurukaruka, nikaziponda kwa chupa, si unga, vipandevipande. Nikanyunyiza. Nikafunga mlango jirani asinuse. Nikala.

Sitaweza kueleza. Yai lilikuwa yai kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Nilikuwa katikati ya raha hiyo, jua limejaa mezani, mtaa mzima una kelele za mchana, kiti cha upande wa pili kikavutwa. Krrr. Taratibu, kama mtu mwenye heshima asiyetaka kukwaruza sakafu.

Nikasema ni panya. Panya mkubwa.

Nikaenda kuchota maji. Nilichukua muda kidogo mtungini, nikisuuza kikombe kilichokuwa safi tayari. Niliporudi, mayai yaliyobaki yalikuwa yamekatwa katikati kwa ubavu wa kijiko. Nusu yangu ipo. Nusu nyingine haipo. Na hewani, pembeni ya harufu ya pilipili, kulikuwa na harufu ya sabuni ya kufulia na vitunguu.

Nikasema ni paka. Hatuna paka.

Kisha nikasikia, karibu sana, punje ikipasuka kwenye meno. Tak. Yangu yalikuwa yamefungwa.

Jioni mke wangu alirudi, akakaa kwenye kiti kile, akainuka mara moja. Akauliza nani alikuwa amekaa pale. Nikasema hakuna mtu. Akasema basi mbona kina joto?


Ijumaa, 8 Machi

Kazini. Nilikwenda na punje chache kwenye karatasi, kwa ajili ya maharage ya kantini, ambayo hata mfungwa angeyakatia rufaa. Nikachagua meza ya pembeni, nikawapa wenzangu mgongo. Sikutaka waombe.

Mama wa kantini akaja na sahani mbili. Nikamwambia nimeagiza moja. Akasema ya pili ni ya mzee niliyekuja naye. Nikauliza mzee gani. Akageuka kumwonyesha, mdomo ukabaki wazi. Akairudisha ile sahani kinyumenyume, hakunipa mgongo hata mara moja.

Dereva wetu, mtu mzima na mlevi wa mizaha, alikuwa anakuja kukaa nami. Alipofika kwenye benchi akasema, "Samahani mzee," akasogea akakaa mbali. Nilimngoja acheke. Hakucheka. Alikuwa ananawa mikono tu.

Nikabeba sahani yangu hadi stoo ya mita mbovu. Humo hakuna mtu, hakuna kiti, hakuna benchi. Utakaa wapi, nikawaza, mgeni usiyealikwa? Nikasimama katikati ya rafu, mita zilizokufa ukutani pande zote, vioo vimejaa vumbi. Nikanyunyiza pilipili. Nikatia kijiko mdomoni.

Mita ya kwanza ikaanza kuzunguka.

Haijaunganishwa na bomba. Haina hata mdomo wa kuunganishia! Mshale ukazunguka, tik tik tik, halafu ya pili yake, halafu rafu nzima, kuta zote, mishale midogo myekundu inakimbia kama kuna mto unapita ndani yake ambao mimi siuoni. Nikashusha kijiko. Zikasimama zote kwa pamoja. Nikakiinua. Zikaanza.

Nimeshinda na njaa.


Jumamosi, 9 Machi

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Alhamisi moja, Ijumaa mbili. Leo ni ya tatu. Kama ni mgeni, afuate sheria za wageni!

Asubuhi nilichukua jembe nikaliegemeza kwenye kile kiti. Nikasema kwa sauti, kazi ipo nyuma ya bafu. Nikacheka peke yangu. Nikatoka kwenda kununua kuku wa kesho.

Niliporudi jembe lilikuwa limeoshwa na kurudishwa pembeni. Nyuma ya bafu, pale palipokuwa na magugu tangu tuhamie, pamelimwa. Matuta yamenyooka kama mistari ya daftari. Na hakuna alama ya mguu hata mmoja kwenye udongo.

Sikungoja tena. Nilikwenda kwa bibi nusu natembea nusu nakimbia. Nyuma yangu harufu ya vitunguu, haikosi hatua.

Bibi alikuwa ananitazamia. Hakunisalimia mimi kwanza. Alitazama juu ya bega langu, akasema, "Umechelewa kurudi, mume wangu. Umekula?"

Nikakaa chini bila kukaribishwa.

Akanisimulia. Marehemu mumewe alikuwa mpishi wa hospitali, miaka na miaka. Akishamaliza kupakua, hakuwa anakula jikoni na wenzake. Alichukua sahani yake, akazunguka wodini kumtafuta mgonjwa asiye na mtu wa kumtembelea, akakaa naye, wakala. Mfukoni alikuwa na punje za mti huu, akizivunja kwa meno na kuwagawia. Alikuwa hawezi kuvumilia kumwona mtu anakula peke yake. "Amekufa nikiwa bado na meno yote," bibi akasema, "na bado hawezi."

Nikauliza ataondoka vipi. Akasema ni kazi rahisi sana: "Mkatie mtu tonge lako mwenyewe kwa moyo, mle pamoja. Akishaona una mwenzio, atarudi nyumbani. Hana shida na wewe, baba. Anakuonea huruma."

Huruma! Mimi!

Njiani nikawaza kwa bidii. Kukata tonge langu, sawa. Lakini kwa nini, ilhali kuna mtu anayestahili mgeni huyu kuliko mimi? Bwana Kinu ana desturi: kabla ya chakula cha Jumapili hujifungia jikoni kwa mama mkwe, anasaga pilipili kwenye kipande cha nyama, anaonja peke yake, macho amefumba. Anasema ulimi wa mpishi hautaki mashahidi.

Nitamwaga punje zake. Nitajaza kinu kwa zangu. Ataonja peke yake. Mgeni atahama. Kisha nitatoa zile nilizobakiza na kumlisha mama mkwe kwa mkono wangu mwenyewe. Ndege wawili!

Nimelala mchana kidogo kwa raha. Kitanda upande wa pili hakikubonyea. Angalau ana adabu hiyo.


Jumapili, 10 Machi

Lazima niandike yote kabla sijaanza kuyakana.

Kubadilisha punje ilikuwa rahisi. Mkoba ulikuwa sebuleni, Bwana Kinu yuko nje anawaonyesha watoto gari. Nikafungua kinu, nikamwaga za kwake kwenye chungu cha ua, nikajaza zangu. Nyuma yangu mtu akavuta pumzi ndefu, kama mzazi aliyemfumania mtoto. Sikugeuka.

Kuku akaiva. Wali ukapakuliwa. Nikangoja Bwana Kinu aende kujifungia.

Hakwenda! Leo eti ana uhakika. Eti punje hizi hazihitaji kuonjwa. Akaenda moja kwa moja kwa mama mkwe dirishani, akakishika kinu kwa mikono miwili kama anatoa heshima za kijeshi, akazungusha.

Harufu ikajaa chumba kizima. Hata Bwana Kinu mwenyewe akashtuka, akakitazama kinu chake kama kimesema neno.

Mama mkwe akainua kichwa. Sisi tumesimama kumzunguka, macho yetu kooni mwake. Akatupita wote kwa macho, akanifikia, akapita pembeni yangu, pale ambapo hapakuwa na mtu. Uso wake ukafunguka. Sijui niandikeje. Ni kama mtu aliyefungua dirisha kutoka ndani.

"Jamani," akasema, "mgeni wa watu mmemwacha amesimama? Mpeni kiti."

Hakuna aliyesogea. Shemeji akauliza mgeni gani, mama.

"Huyo mzee wa hospitali. Mchana ninyi mlikuwa kazini. Yeye alikuwa anakuja na sahani yake, anakaa, tunakula. Hakunitazama hata siku moja nikimeza."

Watoto wakajificha nyuma ya shemeji. Mke wangu, na hili sitalisahau, hakupiga kelele. Aliushika mkono wa mama yake, kisha akachukua kiti, akakiweka mezani, akakipangusa kwa kanga yake. Kiti kikasogea kidogo mbele chenyewe. Krrr.

Mama mkwe akainuka. Peke yake! Akatuambia tusogeze meza yake ile ndogo tuiunge na kubwa, na tukae. Sote. Kusimama kumtazama mtu akila ni tabia ya fisi, akasema. Tukakaa. Nani angebisha? Bwana Kinu alikaa na kinu chake kifuani kama mtoto mchanga.

Akala. Kijiko, kijiko kingine. Akafumba macho. Akasema kuku ana chumvi kidogo sana na aliyempika ana haraka. Alikuwa anaonja! Mke wangu akawa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, hata wali ukampalia. Katikati ya vicheko nilisikia upande wangu wa kulia: tak. Punje kwenye meno. Kila mtu alisikia. Kila mtu aliendelea kula.

Kisha mama mkwe akaninyooshea mkono. Alikuwa anataka paja langu la kuku, nadhani, kwa sababu lilikuwa kubwa. Nikaligawa, nikampa nusu. Sikuwaza kitu. Nilikuwa na njaa ya siku mbili na nilikata tu. Akala, akamega wali wake, akaniwekea mdomoni. "Chukua, baba."

Baba! Si "yule bwana".

Kiti cha kulia kwangu kikarudi nyuma.

"Anaaga," mama mkwe akasema. "Msindikizeni mgeni."

Tukainuka wote. Ukoo mzima, mikono ina mafuta, tukasimama mchana kweupe kumsindikiza asiyeonekana. Shemeji akafungua mlango. Pazia likajaa, likalala. Harufu ya sabuni na vitunguu ikatupita mmoja mmoja, kama mtu anayepeana mikono. Bwana Kinu akasema kwa sauti ya mbuzi, "Ka-karibu tena."

Barabarani jua linawaka. Mbwa wa jirani alinyanyuka, akampisha.

Tulirudi mezani. Kisha mama mkwe akaomba aongezwe, na wote kwa pamoja, wote! wakaanza kumpongeza Bwana Kinu kwa pilipili yake.

Nikasimama. Nikasema ni yangu. Nikasema nilibadilisha punje. Wakacheka kwa upendo. Ikaletwa glasi ya maji. Bwana Kinu akatia punje kutoka kwenye kinu chake. Zikazama zote, moja haikubaki juu.

"Unaona, mwanyumba," akasema, akanipiga bega. "Hazielei."


Jumatano, 13 Machi

Mama mkwe anakula. Asubuhi anakula, mchana anakula, jana alimfokea muuza samaki. Mke wangu sasa hula naye kila siku, sahani kwa sahani. Aliniambia jana usemi wa kijinga: kwamba mama hakuwa anakosa kiungo, alikuwa anakosa mtu wa kula naye. Nikamwambia asinifundishe kazi. Ni kiungo. Nilikiona kwa macho yangu kikifanya kazi.

Leo nimepita kwa bibi. Sikuingia. Nje ya mlango niliandika "haina mabadiliko". Ndani nilisikia watu wawili wanacheka.

Lakini hayo yamepita. Jambo la haraka: Bwana Kinu ametangaza kwamba kwa kuwa mama alilalamikia chumvi, Jumapili ataleta chumvi ya aina yake. Chumvi! Nilijua tu.

Nimemtangulia. Nikiwa njiani kurudi, nyuma ya kiwanda kilichofungwa, nimempata mzee mmoja anayeuza chumvi ya mawe, ya kijivu, inameta kama jicho. Nimeilamba kidogo. Nililia. Akanifungia kwenye kitambaa, akanishika mkono kwa nguvu, akasema ina sharti moja: siku unayoifungua, ukisikia unaitwa jina, usiitike.

Wazee na masharti yao! Wangekuwa wanatoa maelekezo ya mapishi, ingekuwa faida.

Nimeifungua sasa hivi, nipo mezani peke yangu na yai la kuchemsha. Inanukia mvua. Mke wangu bado yuko kwa mama yake, hatarudi hadi jioni.

Ajabu. Ananiita. Yuko mlangoni. Lazima amerudi mapema, ingawa sikusikia geti. Anaita kwa sauti tamu sana, ambayo sijaisikia tangu tuoane. Anaita tena, safari hii kutoka chumbani.

Amenusa chumvi, anataka kuonja. Ngoja nimwitike.